Kaburi la J. Dreyveld

Jumanne, 7 Agosti 2018

Pretoria. Masjala imechelewa kufungua. Nimekaa kwenye ngazi nusu saa, upepo wa Agosti unanijaza vumbi mdomoni. Majalada manne. Mawili hayana kitu. La tatu limeliwa na mende pembeni. La nne lina Dreyveld mmoja, jina tu, kwenye orodha ya Makaburu waliorudi kutoka Tanganyika. Hana umri, hana mke. Nimemnakili hivyo hivyo. Atapata watu wake.

Kurudi dukani Johannesburg, Zaituni, mshonaji ninayeshiriki naye chumba, kaniambia mteja wangu Tannie Hester amepiga simu mara tatu. (Nikimwita Mrs ananikemea. Tannie, anasema, shangazi.) Nimempigia. Jiwe la kaburi limeagizwa. Granite nyeusi, jina kamili la babu yake, Johannes Petrus Dreyveld, na mstari wa Zaburi kwa Kiafrikana. Analia na kucheka kwa pamoja. Ana miaka sabini na nne na hajawahi kujua babu yake amelala wapi. Sasa anajua, kwa sababu mimi nimemwambia.

Habari niliipata kwa Kaka Elifuraha, tuliyefanya naye kazi Arusha. Barabara inapanuliwa chini ya Mlima Meru. Kando ya shamba la zamani la kahawa kuna kaburi lenye msalaba wa saruji: J. DREYVELD. Maandishi mengine yameliwa na mvua. Serikali ya kijiji imetangaza: ndugu wajitokeze kwa barua kabla ya tarehe 30 Septemba, la sivyo mifupa itafukiwa pamoja na mingine isiyo na wenyewe. Nikamwomba Elifuraha orodha ya mazishi ya kanisa. Ikaja: "J. Derefeli, Kaburu." Johannes. Nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja, nikaweka tangazo kwenye jarida la watafiti wa koo, nikamaliza.

Humu hasomi mtu, kwa hiyo naandika: hii kazi naiweza. Miaka kumi na moja nilikuwa karani wa masjala ya kanisa. Mwandiko wa wainjilisti wa zamani nausoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Wazungu wa hapa wenye mababu waliolima Meru hawajui Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichowaandika. Basi wanakuja kwangu katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, lifti mbovu, kanisa la Wakongo juu ya vichwa vyetu. Wanafika wakihema.

Ijumaa, 10 Agosti

Kazi ya kawaida. Fomu, CV, kuskani vyeti. Zaituni kwenye cherehani yake upande wa dirisha, magauni ya harusi ya Wakongo, sare ya kijani mpaka naiona nikifumba macho.

Kaniuliza, pini mdomoni: "Da Anna, hao Makaburu unawatafutia mababu zao. Wako wewe anawatafuta nani?"

"Wangu hawajapotea."

Nikamtajia. Baba, babu, baba wa babu, mpaka wa saba, bila kupumua. Akatoa pini.

"Na wanawake?"

Nikafika wa tatu, nikakwama. Akarudi kwenye cherehani. Watu wa Tanga hawa.

Jumamosi, 11 Agosti

Amekuja mtu. Mzee mrefu, mgongo umepinda, vidole kama koleo. Gert Dreyveld. Maisha yake yote amepigilia farasi wa mashindano viatu, Turffontein, na anaishi mtaa wa nyuma ya uwanja wa mbio. Mjane. Nimemwita Oom Gert, yaani mjomba, akaridhika.

Alikuwa na lile jarida la watafiti wa koo, lenye tangazo langu: kaburi la Johannes Dreyveld limepatikana. Akaweka picha juu ya meza. Mwanamume mwenye masharubu, kasimama kando ya gurudumu la gari la ng'ombe. Nyuma yake mlima. Ule mlima siwezi kuukosea, nimezaliwa chini yake. Nyuma ya picha, kwa penseli: Jakob Dreyveld.

"Aliyelala pale si huyo Johannes wenu," akasema. "Ni babu yangu. Jakob. Nayo inaanza na J."

Hajawahi kusikia habari za Tannie Hester. Tannie Hester hajawahi kusikia habari zake. Dreyveld wawili, mji mmoja, wote wametokea Meru, hawajuani.

Nikamwonyesha mti wa ukoo wa kina Johannes niliouchora, ukutani. Johannes alikuwa na dada sita. Hakuwa na kaka.

"Basi mti wako una kasoro," akasema.

Nikamwambia kwa adabu kwamba hauna. Akaacha nakala ya picha, akashuka ngazi polepole.

Hauna kasoro. Lakini J ni J.

Jumatatu, 13 Agosti

Niandike ukweli. Kitabu chenyewe cha mazishi sijakiona. Nilichosoma ni orodha iliyochapwa kwa mashine miaka mingi baadaye, na mtu aliyetaka kumaliza aende nyumbani. Nilisoma orodha, sikusoma kitabu. Vijana wa masjala nilikuwa nawafokea kwa kosa hilo hilo.

La pili ni baya zaidi. Makaburu walikuwa na kanisa lao. Kaburu anatafuta nini kwenye kitabu cha mazishi cha Walutheri? Hilo niliona. Nikalipita kama mtu anayevuka barabara.

Nimempigia Elifuraha apige picha ukurasa wenyewe. Kitabu kiko kabatini. Funguo za kabati anazo mweka hazina. Mweka hazina kaenda Rombo kwenye msiba.

Tannie Hester sijamwambia. Fundi anaanza kuchonga jiwe wiki hii.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimekwenda Kensington kwa Tannie Hester. Nimemwambia asimamishe jiwe, nina shaka.

"Wewe huna shaka kamwe, Anna."

Ni kweli, na ndiyo maana aliniamini. Akampigia fundi mbele yangu. Fundi alikwisha kuchonga Johannes. Mengine bado. Akaweka simu chini, akanimiminia chai. Yake hakuinywa.

Aibu. Sina neno lingine.

Jumanne, 21 Agosti

Funguo bado.

Nimekwenda Turffontein. Farasi wa mazoezi wanapita barabarani kama watu wanaokwenda kazini. Nyumba ya Oom Gert safi, ndogo, harufu ya mafuta ya ngozi. Ukutani ameweka mti wa ukoo wake aliouchora mwenyewe. Kwa wino: yeye, baba yake, Jakob. Juu ya Jakob kuna pengo. Kisha kwa penseli, wale Dreyveld wa zamani kabisa waliofika kwenye Rasi ya huku kusini kwa meli. Pengo ni la watu wanne hivi. Amelivuka kwa matumaini.

"Sisi ni Makaburu tangu meli za kwanza," akasema.

Akanihadithia. Jakob alikuwa fundi wa magurudumu. Alikufa huko huko Meru. Mwanawe, baba yake Gert, alikuja Johannesburg kijana kutafuta kazi mgodini, na ile picha mfukoni. Mwana huyo alisimulia kwamba Jakob hakuwa msemaji, ila alipofanya kazi alihesabu misumari chini kwa chini, kwa maneno ambayo watoto hawakuyajua. Kiholanzi cha kale, Gert anadhani.

Nimeanza kudhani kingine.

Akanipa kahawa na zile biskuti zao ngumu za kuchovya. Ni mtu mzuri. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Jumatano, 29 Agosti

Ukurasa umefika! Picha tano kwenye simu. Ya kwanza kidole cha Elifuraha. Ya pili giza. Ya tatu safi. Wino wa kahawia, mwandiko wa mwinjilisti, herufi zimenyooka kama wanafunzi mstarini. Nimesoma nimesimama. Nanakili hapa neno kwa neno:

"Tumemzika Yakobo Derefeli, fundi wa magurudumu. Watu humwita Kaburu lakini kwao ni Udachi. Waingereza walipowaondoa Wadachi, Kaburu Yohane jirani yake alisimama mbele ya bwana shauri akaapa kwamba huyu ni ndugu yake wa tumbo moja. Ndivyo alivyobaki, na ndivyo alivyoitwa. Aliniambia haya mwenyewe alipopokea meza ya Bwana mara ya mwisho, akaniomba niyaandike akiisha kufa."

Nimepiga kelele. Zaituni kajichoma sindano.

Kwa hiyo hivi. Baada ya vita ya kwanza Mwingereza aliwafukuza Wajerumani Tanganyika. Makaburu hakuwagusa. Mjerumani mwenye jina la Kaburu anabaki na nyumba yake na mke na gurudumu lake. Kwa kiapo mbele ya bwana shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, Johannes alimpa jina. Yohane huyo ndiye babu yake Tannie Hester. Yakobo ndiye babu yake Oom Gert. Aliye kaburini ni Yakobo.

Familia mbili, jina moja, damu hata tone hakuna.

Jina la Yakobo la kuzaliwa halimo. Nimetafuta kwenye picha zote tano. Alimwambia mwinjilisti yote, hilo hakumwambia.

Nilikuwa nimekosea, na sasa niko sahihi, na mambo yote mawili lazima niyaseme kwa watu wazima kuliko mimi.

Ijumaa, 31 Agosti

Kensington. Nimesema mlangoni, kabla ya kukaa. "Tannie, nilikosea. Kaburi si la babu yako."

Akauliza babu yake yuko wapi basi.

"Sijui."

Nilidhani atalia. Hakulia. Alitaka nimsomee ule ukurasa kwa Kiingereza, kisha tena. Kwenye jina la Yakobo akainuka, akaingia chumbani, akatoka na boksi la barua. Barua ya Johannes kwa mkewe, aliyekuwa Tanga kwa matibabu. Akanitafsiria mstari mmoja. *Leo nimeapa mbele ya Mwingereza kwa ajili ya ndugu yangu Jakob, na Mungu anajua nilichokisema.*

Ameisoma barua hiyo tangu akiwa msichana. Alidhani ni ndugu wa kanisani, ushuhuda wa mpaka wa shamba au kitu kama hicho.

Karatasi mbili, lugha mbili, waandishi wawili, kila mmoja asiyejua kwamba mwenziwe anaandika. Zinasema neno moja. Katika kazi hii huombi zaidi ya hapo.

"Babu yangu alisema uongo ameshika Biblia," akasema Tannie Hester. Alisema karibu kwa fahari.

Jiwe halikuzungumziwa leo. Nimeona ni heri.

Jumatatu, 3 Septemba

Turffontein. Vibaya.

Oom Gert alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Nikamwekea ukurasa, tafsiri, na nakala ya barua. Hakuvigusa.

"Kwa hiyo mimi ni Mjerumani."

"Babu yako alikuwa Mjerumani."

"Na jina langu si langu."

Nikaanza kueleza. Akaninyamazisha kwa mkono. Kisha akasema: "Mweusi mmoja aliandika ukurasa, mweusi mwingine ameusoma, na mimi nikiwa na miaka sabini na nane niache kuwa Dreyveld?"

Nilikuwa nimeapa nitanyamaza kwa lolote. Sikunyamaza. Nikamwambia: "Huyo mweusi wa kwanza alimzika babu yako. Waliozaliwa na jina hilo hawakuwepo."

"Toka."

Nikatoka. Nimesimama kwenye robot, taa ya barabarani ya pale kona, imekuwa kijani mara tatu sijavuka. Hasira. Shaka sina. Ukurasa ni ukurasa. Lakini hasira, na nyuma ya hasira ule mti wake wa penseli ukutani.

Alhamisi, 6 Septemba

Nimeandika masahihisho kwa jarida. Mistari minne. "Katika toleo lililopita mtafiti alikosea." Mtafiti ni mimi. Nimeyatuma kabla sijayapamba.

Zaituni anasema nimepungua. Kaniletea wali wa nazi. Nimekula wote.

Jumatano, 12 Septemba

Elifuraha: greda limefika darajani. Mtendaji wa kijiji hasogezi tarehe, na siwezi kumlaumu, ana makaburi kumi na moja na mkandarasi anayempigia simu kila asubuhi. Mengine yote yamepata wenyewe. Limebaki la Yakobo.

Oom Gert hapokei simu. Nimemwachia mlio mara nne, kisha nikapita Turffontein na kusukuma barua chini ya geti. Pazia lilitikisika.

Mwenye haki hataki. Anayetaka hana haki. Zimebaki siku kumi na nane.

Jumatatu, 17 Septemba

Tannie Hester amepanda ghorofa tatu. Zaituni alimpa kiti na maji, akamshikia mkoba. Alipoacha kuhema akasema alichokuja kusema.

Nirudie ripoti ya kwanza. Kaburi liwe la Johannes kwenye karatasi. Yeye ni mjukuu wa Johannes, atatia sahihi, jiwe tayari lina jina, Yakobo atahamishwa kwa heshima na hakuna atakayeuliza.

"Babu yangu aliapa uongo kwa ajili ya mtu huyu," akasema. "Nami naweza."

Nilitamani. Naandika kwamba nilitamani. Ingemaliza kila kitu kwa mchana mmoja, na kosa langu lingefutika pia, lingegeuka kuwa kweli.

Nikakataa. Si kwa utakatifu. Mwinjilisti yule angeweza kuandika "Yakobo, Kaburu" akaenda kula. Aliandika vile ilivyokuwa, na mimi leo nina cha kushika. Kuna mtu atakayeshika karatasi yangu siku moja. Sitaki anifokee.

"Nipe siku mbili," nikamwambia. "Nitakuandikia kitu cha kweli kitakachofanya kazi hiyo hiyo."

Sikuwa na kitu chochote kichwani. Nilisema tu kwa sauti ya mtu aliye nacho.

Jumatano, 19 Septemba

Ninacho.

Nimesoma tangazo la kijiji mara ya ishirini. Linasema ndugu wa marehemu. Fomu inasema ndugu wa marehemu. Halisemi mtoto, halisemi mjukuu, halisemi mrithi. Nimempigia Mtendaji mwenyewe. Kelele za mashine nyuma yake.

"Mtendaji, shikamoo. Kwenye fomu yenu, ndugu ni nani?"

"Marahaba. Ndugu ni ndugu, dada yangu. Mtu wa kusimama kwa ajili ya marehemu."

"Hata asipokuwa wa damu?"

Akafikiri. "Ukoo ulimtambua?"

"Mkubwa wa ukoo aliapa mbele ya bwana shauri kwamba ni ndugu yake wa tumbo moja. Imeandikwa kwenye kitabu cha kanisa. Anayetaka kutia sahihi ni mjukuu wa aliyeapa."

Akacheka sana. "Sasa unaniuliza nini? Kuna waliozaliwa pamoja hapa ambao hawawezi kuapiana. Alete sahihi."

Nimeandika barua. Kwamba aliye kaburini ni Jakob, fundi wa magurudumu, mzaliwa wa Ujerumani, jina lake la kuzaliwa halijulikani. Kwamba Johannes Petrus Dreyveld alimtambua kwa kiapo kuwa ndugu. Kwamba Hester, mjukuu wa Johannes, anasimama kama ndugu wa marehemu kwa kiapo hicho. Nimeambatanisha ukurasa na barua. Kila neno la kweli. Nimeisoma kwa sauti na Zaituni kasema "sharp," yaani safi kabisa, ambalo kwake ni neno kubwa.

Ijumaa, 21 Septemba

Tumegongewa muhuri wa kuthibitisha barua kituo cha polisi, Tannie Hester na mimi. Foleni ndefu. Askari akasoma ile tafsiri ya Kiingereza, akasema "eish," akaita mwenzake aje asome. Wamegonga muhuri mara mbili kwa furaha.

Jumamosi, 22 Septemba

Imetumwa. Elifuraha ataipeleka kwa mkono Jumatatu.

Mchana nimekwenda Turffontein. Siku ya mbio, magari kila mahali, kipaza sauti kinataja farasi. Nimesukuma nakala chini ya geti la Oom Gert, bila barua, bila neno. Sikwenda kumshawishi. Ila mtu anapaswa kujua nani amemtilia babu yake sahihi.

Alhamisi, 27 Septemba

Amekuja.

Sikumsikia. Nimeinua kichwa, kasimama mlangoni, kofia mkononi, ile nakala imekunjwa mara nne. Zaituni akamsogezea kigoda. Hakukaa.

"Huyu mama," akasema. "Si ndugu yangu."

"Si wa damu."

"Nimesoma. Nimeisoma mara nyingi." Akakunjua, akakunja tena. "Basi kwa nini ametia sahihi?"

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na majibu mawili mazuri. Nikapiga namba ya Tannie Hester, nikampa simu, nikaenda kusimama dirishani.

Walizungumza Kiafrikana. Nilipata nusu. Oom Gert zaidi alisikiliza. Mara moja akasema nee, hapana, mara mbili ja, ndiyo. Kanisani juu walikuwa wanajaribu ngoma. Akanirudishia simu.

"Na mimi natia sahihi wapi?"

Chini ya ile ya Tannie Hester. Kwenye uhusiano na marehemu alitaka kuandika kwa lugha yake. Nikamwambia Mtendaji hataisoma. Nikamtajia herufi moja moja, akaandika kwa vile vidole vikubwa: m-j-u-k-u-u. Akaitazama kwa muda.

Hakuomba radhi. Sikumngojea. Kabla ya kutoka alinyoosha mkono, nikaupokea. Hasira yangu haijaisha yote. Lakini leo nimelala kidogo mchana, jambo ambalo sikulifanya mwezi mzima.

Elifuraha kapata picha ya sahihi saa tisa. Mtendaji kasema sasa marehemu ana ndugu wengi kuliko wale wengine wote kumi.

Jumanne, 2 Oktoba

Wamemhamisha leo asubuhi. Elifuraha alinipigia akiwa pale pale. Mifupa michache, wameifunga kwa shuka jeupe. Wanawake watano wa kwaya wamekuja bila kuitwa. Mahali papya ni upande wa juu wa kanisa, kando ya wainjilisti. Msalaba wa saruji ulivunjika walipoung'oa. Wameweka wa mbao. Fundi anauliza aandike nini.

Nimempigia Tannie Hester. Kasema aulizwe Gert.

Nimempigia Oom Gert. Nimemweleza kwamba anaweza kuandika Jakob peke yake. Jina la kuzaliwa hatunalo, na hakuna atakayeshangaa.

"Weka Dreyveld," akasema. "Alipewa."

Tannie Hester amelipata jiwe lake pia. Litasimama hapa hapa Johannesburg, kando ya kaburi la mama yake, na Zaburi yake. Mahali alipozikwa Johannes nimeandika kwenye mti: hapajulikani. Nimelitazama neno hilo na halinikeri. Najua kaburi lake nimelitafuta wapi na wapi halipo. Ila majalada ya Dodoma sijayagusa.

Jumamosi, 13 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Kabla haijanyesha nilikuwa Newtown, meza ya nje, na wote wawili. Walikuwa hawajawahi kuonana. Tannie Hester alichagua mahali, Oom Gert alifika nusu saa mapema, shati limepigwa pasi.

Hawakuwa na mengi ya kusema. Tannie Hester alimuuliza mwenzake habari za farasi, akajibu. Alimuuliza maana ya jina la barabara yake, hakujua. Oom Gert akaniuliza maana ya Mdachi. Nikamwambia ni Mjerumani, neno la wazee. Akalijaribu, vibaya. Tannie Hester akamsahihisha, vibaya zaidi.

Nimewatazama sana. Ni kazi yangu kutazama masikio na taya za watu. Hawafanani hata kidogo.

Matone yakaanza, tukahamia ndani na vikombe vyetu. Msichana anayehudumu akauliza kama ni kaka na dada. Oom Gert akamsogezea Tannie Hester sukari.